Naishi Changanyikeni

Naishi Changanyikeni
na kazi yangu ni kutenganisha.
Mlinzi wa geti la chuo amekwisha kuucheka mzaha huo,
sasa ananipungia mkono tu.

Mwamba ulitoka Songwe ndani ya gunia la sukari.
Tuliusaga, tukauchoma, tukaupika kwa asidi hadi ukakiri.
Seri alitoka wa kwanza: ana hasira za karibu,
mpe oksijeni kidogo, anawakana nduguze,
anajikalia chini, unga wa manjano.
Lanthani hakutusumbua.
Wakabaki wawili, praseodimi na neodimi.
Kwenye daftari nimewaandika Kulwa na Doto.
Dokta Rweyendera alipiga mstari mwekundu,
kesho yake akauliza, "Doto amefika asilimia ngapi?"

Mama yangu, Kyela, alipeta mpunga.
Kapi jepesi, punje nzito, upepo ndio hakimu.
Hawa ungo hauwajui.
Ukimwita huyu, anaitika yule.
Doto ni mwembamba kuliko Kulwa
kwa kipimo ambacho unywele, ukiwekwa kando yake,
ni nguzo ya umeme.

Basi natumia ugomvi wa zamani, maji na mafuta.
Wengine huutaja wakilaumu ndoa za watu;
mimi unanilipia kodi ya nyumba.
Mafuta ya taa, nimeyatia dawa inayoshika madini,
nayamimina juu ya maji yenye pacha,
nafunga kizibo, natikisa,
nafungua koki ipumue, natikisa,
naitundika faneli,
nangoja.
Doto hupanda kwenye mafuta upesi kidogo.
Kulwa hung'ang'ania maji kidogo.
Kidogo. Hiyo ndiyo faida yote ya siku.
Kwingine, nasikia, matangi mamia yamepanga foleni
na mota hazilali.
Sisi tuna faneli sita, moja ina ufa shingoni,
na mikono yangu,
na ya Shukuru siku akija.

Pembezoni mwa ukurasa, mzunguko wa thelathini, niliandika:

*Natikisa nikihema, pacha wote wanicheka,*
*Mmoja akishahama, wa pili ameshafika,*
*Mafuta nikiyapima, humo wamechanganyika,*
*Tumbo lao moja, mama, kuwatenga nimechoka.*

Alhamisi, mzunguko wa arobaini na moja,
umeme ukakatika.
Feni ikajizungusha mara tatu za mwisho.
Korido nzima ikaguna.
Chini ya zile taa ndefu nyeupe
kimiminika changu kilikuwa na buluu isiyo na uhakika,
kama maji ya kusuuzia sufuria.
Nikakipeleka dirishani, nikilaani.

Jua la saa nane, lisilo na adabu,
likapenya kwenye glasi,
na Doto akageuka zambarau.
Zambarau hafifu, ua la kunde.
Hapakuwa na kijani ndani yake hata chembe.
Kijani ni cha Kulwa, na Kulwa alikuwa mezani,
kwenye bika yake,
ametulia kama maji ya tango.

Nilimwita Shukuru. Alikuwa amefuata chapati.
Nikabaki nao peke yangu, mmoja kila mkono,
jasho likinidondoka ndani ya miwani,
nisijue nimpongeze nani.

Dokta alikuja na tochi ya simu, mchana ule.
Akawamulika, akawazungusha, akanyamaza.
"Safi," akasema. Kisha, akiwa tayari mlangoni:
"Ila watengeneza sumaku, mara nyingi,
huwatia wote wawili chungu kimoja."

Nilicheka hadi nikaweka bika chini.

Jioni nikarudi kwa miguu.
Mtaani bado giza. Jirani akaninusa kibarazani,
akauliza kama nina mafuta ya taa ya kumkopesha,
kibatari chake kimekauka.
Nikamwambia ninayo mikononi tu,
na humo kuna mtu.